Daktari Herrick na kijana wa Grenada: jinsi ugonjwa wa SS ulivyoingia katika vitabu vya udaktari

Katika parokia zetu nyingi kuna nyumba ambayo watu wanaipita wakinong'ona. Ndani yake kuna mtoto mwenye macho ya manjano. Vidole vyake vilivimba kabla hajafikisha mwaka mmoja. Usiku wa baridi analia kwa maumivu ya mifupa, na kila mara damu inampungukia. Mama yake ameulizwa maswali mengi: alikula nini, alimkosea nani, ni nani katika ukoo wa mume anayemla mtoto. Huenda amekwisha kumzika mtoto mwingine aliyekuwa na dalili zilezile.

Ugonjwa huo unaitwa drepanositoze. Wengi wetu tunauita SS. Ulikuwa Afrika miaka elfu nyingi kabla hospitali ya kwanza haijajengwa, na mababu zetu waliujua kwa majina ya lugha zao. Lakini katika vitabu wanavyosomea madaktari uliingia mwaka 1910 tu, kwa mkono wa daktari mmoja wa mji wa Chicago, Marekani. Jina lake ni James Bryan Herrick. Tunasimulia maisha yake hapa kwa sababu yana mambo ambayo wauguzi wetu, wachungaji wetu na wazazi wetu wanaweza kujifunza, na pia kosa moja ambalo hatupaswi kulirudia.

Mwalimu aliyegeuka daktari

Herrick alizaliwa tarehe 11 Agosti 1861 katika kijiji cha Oak Park, karibu na Chicago. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikuwa vimeanza miezi michache tu mbele. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Michigan, akamaliza mwaka 1882, kisha akafundisha shuleni kwa miaka kadhaa. Alipenda vitabu vya zamani vya Kiingereza, na upendo huo haukumwacha mpaka uzeeni.

Baadaye aliacha ualimu akaingia Rush Medical College, shule ya udaktari ya Chicago, akapata shahada mwaka 1888. Alifanya mazoezi katika hospitali kubwa ya maskini ya mji ule, Cook County Hospital. Akawa mwalimu wa madaktari huko Rush, na kwa miaka mingi alitibu wagonjwa katika Presbyterian Hospital, hospitali iliyoanzishwa na Wapresbiteri katika miaka ya 1880 na kushirikiana na shule ile ya Rush. Sisi ambao makanisa yetu yamejenga hospitali na shule za wauguzi tunaufahamu mpango huo: mgonjwa anatibiwa, na kijana anajifunza kando ya kitanda kilekile.

Jambo moja linaonyesha Herrick alikuwa mtu wa namna gani. Alipokuwa amepita miaka 40, akiwa profesa mwenye jina na wagonjwa wengi, aliona kwamba udaktari wa kesho utahitaji kemia, na yeye kemia yake ilikuwa ndogo. Akarudi kukaa darasani katika Chuo Kikuu cha Chicago pamoja na vijana, akajifunza upya. Profesa wengi hawapendi kuonekana wakiwa wanafunzi. Yeye hakuona aibu.

Siku moja baada ya Noeli

Mwezi wa Septemba 1904, kijana mmoja mweusi wa miaka 20 alisafiri kwa meli kutoka visiwa vya Karibi mpaka New York. Alitoka Grenada, kisiwa kidogo ambacho wakazi wake wengi ni wajukuu wa Waafrika waliopelekwa huko utumwani. Familia yake ilikuwa na mali, naye alikuwa anakwenda Chicago kusomea udaktari wa meno. Njiani alisumbuliwa na kidonda kwenye kifundo cha mguu. Miguu yake ilikuwa na makovu ya vidonda vya zamani.

Baridi ya Chicago ilimkuta upesi. Akaanza kukohoa, kupata homa na kizunguzungu, na pumzi ikawa fupi. Tarehe 26 Desemba 1904, siku moja baada ya sikukuu ya Noeli, aliingia Presbyterian Hospital.

Aliyempokea hakuwa Herrick. Alikuwa Ernest Irons, daktari wa miaka 27 aliyekuwa bado katika staji. Irons alifanya kazi ambayo kila mwanafunzi wa udaktari anafundishwa, na ambayo wengi wanaifanya haraka haraka wakishachoka: alimuuliza mgonjwa historia yake yote, akampima mwili mzima, kisha akachukua tone la damu, akalipaka juu ya kioo na kulitazama kwa mikroskopi. Hemoglobini ya kijana ilikuwa asilimia 40 tu ya kiasi cha kawaida. Na katikati ya chembe nyekundu, ambazo kwa kawaida ni za mviringo kama sarafu, aliona nyingine nyembamba, ndefu, zilizopinda kama mundu wa kukatia mpunga.

Irons angeweza kudhani kwamba kioo ni kichafu, au kwamba ameharibu kazi. Badala yake alichora alichokiona kwenye karatasi za mgonjwa, akamwita mkuu wake. Herrick alikuja, akatazama. Hakumdharau kijana wa staji. Walirudia kipimo mara nyingi, kwa damu mpya na kwa njia mbalimbali, wakitaka kuhakikisha kwamba umbo lile halikutokana na makosa ya laboratori. Mundu ulibaki pale pale.

Miaka sita ya kungoja

Sasa ilikuwa lazima kujua ni ugonjwa gani. Walitafuta malaria. Walitafuta minyoo ya tumbo, kwa sababu mgonjwa alitoka nchi ya joto. Walifikiria kaswende. Walipima mapafu, moyo, figo na mkojo. Kila jibu lilieleza sehemu moja ya ugonjwa na kuacha nyingine. Dawa yenyewe ilikuwa ndogo: kupumzika, chakula kizuri, na dawa ya madini ya chuma. Baada ya wiki kadhaa kijana akapata nafuu, akarudi masomoni.

Kwa miaka miwili na nusu aliendelea kuugua na kupona. Mara kifua, mara maumivu ya viungo na mgongo, mara macho ya manjano. Madaktari waliendelea kumfuatilia na kuandika. Hata hivyo kijana huyo alisoma, na mwaka 1907 alimaliza shule ya meno pamoja na wenzake wa darasa. Tusilipite jambo hili haraka. Alikuwa na damu nusu ya ile ya wenzake, katika mji wa baridi kali, mbali na mama yake, na alipata diploma yake. Wazazi wanaosema kwamba mtoto wa SS hafai kulipiwa karo ya shule wafikirie habari hiyo.

Herrick alingoja. Alitumaini kuona mgonjwa wa pili au kupata maelezo. Hakupata. Ndipo mwaka 1910 akaisoma habari ile mbele ya madaktari wenzake, na mwezi wa Novemba mwaka huo ikachapishwa. Aliandika yote aliyoyaona, akataja magonjwa yote aliyoyafikiria na sababu za kuyakataa. Mwishoni akakiri waziwazi kwamba hajui. Huenda, alieleza, umbo hilo ni ajali tu. Huenda ni alama ya ugonjwa fulani wa peke yake. Huenda linatokana na hali ya kemia ndani ya damu. Aliwaachia wengine waendelee.

Mtu mwenye cheo anashawishika kutoa jibu hata kama hana. Mgonjwa anasubiri, ndugu wanasubiri, wanafunzi wanatazama. Angeweza kuuita kaswende au malaria sugu, na hakuna ambaye angebisha. Lakini kama angefanya hivyo, picha ya mundu ingezikwa ndani ya jina la ugonjwa mwingine, na yeyote aliyekuja nyuma asingejua kwamba kuna kitu cha kutafuta.

Daktari wa moyo

Miaka miwili baadaye, mwaka 1912, Herrick alichapisha kazi nyingine, na hiyo ndiyo iliyompa sifa kubwa zaidi kwa wenzake. Wakati ule karibu madaktari wote waliamini kwamba mshipa unaolisha moyo ukizibika ghafula, mtu anakufa papo hapo. Herrick alionyesha kwamba wengine wanaishi, kwamba ugonjwa huo unaweza kutambuliwa mgonjwa akiwa hai, na kwamba anapaswa kulazwa apumzike. Mwanzoni wenzake hawakuitikia neno. Alirudia na kurudia, na baada ya mwaka 1918 akaleta ushahidi wa mashine mpya ya kuandika mapigo ya moyo. Hatimaye wakamsikia. Leo kila daktari anayetibu mshtuko wa moyo anatembea katika njia aliyoifungua.

Alifundisha Rush mpaka 1927, akaendelea kuona wagonjwa hata baada ya hapo. Mwaka 1939 Chama cha Madaktari wa Marekani kilimpa nishani yake ya heshima.

Waliofuata

Mlango alioufungua mwaka 1910 haukufungwa tena. Mwaka uliofuata daktari mwingine wa Marekani alieleza mgonjwa wa pili. Mwaka 1922 Verne Mason aliupa ugonjwa jina linalotokana na mundu. Mwaka 1927 Hahn na Gillespie walionyesha kwamba chembe zinapinda zinapokosa oksijeni. Mwaka 1948 Janet Watson, daktari wa watoto huko New York, alitambua kwa nini mtoto mchanga haonyeshi dalili katika miezi ya kwanza: bado ana hemoglobini ya tumboni mwa mama, na hiyo haipindi.

Mwaka 1949 ulikuwa wa mavuno. James Neel huko Marekani, na E. A. Beet aliyefanya kazi katika nchi ambayo leo ni Zambia, jirani ya Katanga yetu, walionyesha kila mmoja kwa njia yake kwamba mtoto wa SS amepokea urithi kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, wote wawili. Na mwezi wa Novemba mwaka huohuo Linus Pauling na wenzake walithibitisha kwamba hemoglobini yenyewe ya wagonjwa hao ni tofauti. Ilikuwa kemia, kama Herrick alivyohisi miaka 39 mbele. Yeye alikuwa bado hai, mzee wa miaka 88.

James Herrick alifariki Chicago tarehe 7 Machi 1954. Mwaka ule ule Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya na kufanya utafiti katika Afrika ya Mashariki, alichapisha jibu la swali lililobaki: kwa nini ugonjwa mkali namna hii umeenea sana kwetu? Alionyesha kwamba mtu mwenye urithi wa upande mmoja, yaani AS, ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Katika nchi za mbu wengi, watoto wa AS walipona wengi zaidi wakazaa, na urithi ukaendelea. Ndiyo maana unapatikana pia kwa watu wa India, wa Arabuni na wa Ugiriki, penye malaria ya zamani. Kwa miaka mingi wazungu fulani wa Marekani waliutumia ugonjwa huu kudai kwamba damu ya mtu mweusi ina kasoro. Sayansi yenyewe iliwakanusha.

Jina lililosahauliwa

Tumesema kuna kosa. Herrick alipochapisha habari ya mwaka 1910, hakumtaja Irons kama mwandishi mwenzake, ingawa Irons ndiye aliyeiona mundu kwa mara ya kwanza. Irons hakuangamia kwa hilo. Baadaye alikuwa mkuu wa Rush na rais wa Chama cha Madaktari wa Marekani. Lakini mgonjwa alibaki bila jina. Ni kweli kwamba daktari anapaswa kuficha jina la mgonjwa wake, na kanuni hiyo ni njema. Hata hivyo miaka ilipita, ugonjwa ukajulikana dunia nzima, na hakuna aliyeuliza kijana yule alikwenda wapi. Katika vitabu alikuwa mtu mweusi wa miaka 20 tu, mwenye chembe za ajabu.

Ilikuwa mwaka 1989 ndipo mwanahistoria Todd Savitt na daktari Morton Goldberg walipochapisha walichokipata baada ya kufuata karatasi za zamani za Chicago na Grenada. Jina lake lilikuwa Walter Clement Noel. Alipomaliza masomo alirudi kwao, akafungua kazi ya kutibu meno katika mji mkuu, St. George's. Aliwahudumia watu wake kwa karibu miaka tisa. Mwaka 1916 kifua kilimshika, akafa akiwa na miaka 32. Kaburi lake liko Sauteurs, kaskazini mwa kisiwa, karibu na baba yake.

Noel hakuwahi kujua ugonjwa wake unaitwaje. Hakuna aliyeweza kumwambia. Sisi tunaweza kuwaambia watoto wetu, na hapo ndipo habari hii inatugusa.

Kwetu leo

Kongo yetu ni moja ya nchi tatu ambako watoto wengi zaidi wa SS wanazaliwa duniani, pamoja na Nigeria na India. Mambo ambayo kila msharika anapaswa kuyajua ni machache.

Ugonjwa unatoka kwa wazazi wote wawili, siyo kwa mama peke yake. Baba na mama wote wakiwa AS, wao wenyewe wanaonekana wazima, lakini kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto wa SS. Mzazi mmoja akiwa AA, hakuna mtoto wa SS atakayezaliwa. Kipimo cha damu kinachoitwa elektroforezi kinaonyesha wazi. Vijana wanaojiandaa kwa ndoa wakipime mapema, kabla mahari haijajadiliwa, ili waamue kwa uhuru wakiwa na habari kamili. Kazi ya mchungaji hapo ni kuwashauri na kutunza siri yao, na tangazo la kanisani halina nafasi katika jambo hilo.

Mtoto wa SS hana kinga ile ya AS. Malaria inamshambulia vibaya, kwa hiyo alale ndani ya chandarua kila usiku. Chembe zake nyekundu zinaishi siku 10 hadi 20 tu, wakati za mtu mwingine zinaishi karibu siku 120. Ndiyo maana damu inapungua daima. Anywe maji mengi, akingwe na baridi, apate chanjo zote, na katika miaka ya kwanza apewe penisilini kama daktari anavyoagiza. Homa kwake ni jambo la kukimbilia hospitali siku ileile. Kusubiri chumba cha maombi kwa siku tatu kumeua watoto ambao wangeweza kuishi. Tuombe tukiwa njiani.

Ipo pia dawa ya idroksiurea, inayosaidia mwili kutengeneza tena ile hemoglobini ya mtoto mchanga ambayo Janet Watson aliitambua. Wengine waliogopa kwamba dawa hiyo itakuwa hatari penye malaria na utapiamlo. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti uliofanyika kwa watoto 606 wa Afrika, katika Kinshasa, Luanda, Kilifi ya Kenya na Mbale ya Uganda. Mwandishi wake wa kwanza ni mwana wa nchi yetu, Profesa Léon Tshilolo wa hospitali ya Monkole, Kinshasa. Maumivu yalipungua, kuwekewa damu kulipungua, malaria ilipungua, na vifo pia. Sasa kilio chetu ni kwamba dawa hiyo ifike mpaka vituo vya afya vya mashariki, kwa bei ambayo mama wa kijijini anaiweza, na kwamba damu salama ipatikane hata pale barabara zimefungwa na vita.

Katika Yohana sura ya 9, wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana alikataa swali lenyewe, kisha akamtendea yule mtu mema. Herrick na Irons nao walisimama mbele ya ugonjwa wasioujua, na hawakumtafuta wa kumlaumu. Walitazama damu, wakaandika, wakamtunza kijana mpaka akamaliza shule.

Jumapili hii, mama wa mtoto wa macho ya manjano akiingia kanisani, kuna atakayehama benchi na kuna atakayesogea ampe nafasi. Mzee wa kanisa anayejua kituo cha afya ambako kipimo kinafanyika na amwambie njia. Na mtoto, tumwite kwa jina lake.